Waliochelewa Dirishani

Aliyemwambia kwanza habari ya dirisha lile alikuwa Mama Muhuri, mwanamke aliyeishika kazi ile kabla yake. Ilikuwa siku ya makabidhiano. Mama Muhuri alikuwa ameshamfundisha yote: jinsi ya kukunja mchoro mpana ili kona yenye jina na namba ya toleo ibaki juu, mahali pa kugonga muhuri, kisanduku kipi kwenye rafu ni cha mafundi mbao na kipi ni cha mafundi nondo. Kisha akajitanda mtandio wake, akachukua mkoba, akafika mlangoni... akarudi.

"Mwanangu, kuna jambo nusura nilisahau," alisema kwa sauti ya chini. "Kengele ya jioni ikishalia, dirisha hilo usilifungue."

"Hata akija mkuu?"

"Mkuu ana mlango wake. Dirishani wanakuja waliochelewa."

"Si nitawaambia waje kesho?"

Mama Muhuri aliuhamishia mkoba bega jingine.

"Waambie hivyo hivyo," alisema. "Mimi nimewaambia hivyo miaka yote."

Akaenda zake. Mama Kibonge, maana ndivyo watu walivyomwita tangu amzae yule binti yake mwenye mashavu, alicheka kidogo mlango ulipofungwa. Watu wazima wa ofisini wana mambo yao.

Kazi yenyewe haikuwa nzito ila ilitaka mtu mwenye macho. Wahandisi huchora, kisha hubadilisha. Leo mlango uko kushoto, kesho umehamia kulia. Kila wanapobadilisha, mchoro hupewa namba ya toleo jipya, nakala huchapwa na kugawiwa mafundi walioko kwenye majengo. Hatari iko hapo. Toleo jipya likitoka na la zamani likabaki mikononi mwa watu, jengo moja litajengwa kwa akili mbili. Ndiyo maana juu ya dirisha palibandikwa sharti kwa herufi kubwa: LETE LA ZAMANI, CHUKUA JIPYA. Fundi huja na nakala yake iliyojaa udongo na alama za vidole. Mama Kibonge huigonga muhuri mwekundu, IMEFUTWA, huichana kona moja, ndipo humpa jipya. Bila la zamani, hakuna jipya.

Yeye alilipenda sharti lile. Alikuwa mtu wa haya. Mbele ya wanaume wenye sauti kubwa ulimi wake ulikuwa mzito, na sharti lile lilimsemea.

Kati ya wote waliokuja dirishani, mmoja tu hakumwogopa. Huyo alikuwa Mzee Waya, fundi mkuu wa nondo kwenye ghorofa la shule lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara. Walimpa jina hilo kwa sababu ya bunda la waya wa kufungia nondo, ambalo halikutoka kiunoni mwake. Mkononi alishika koleo, na hata akiwa anaongea na mtu alilifungua na kulifunga bila kujijua. Kach... kach... Mama Kibonge aliisikia sauti hiyo kabla hajamwona mwenyewe.

"Mkwe! Mchumba wangu hajambo?" ndivyo alivyokuwa akisalimia. Mchumba wenyewe alikuwa Kibonge, ambaye hata kutembea sawasawa alikuwa hajajua.

"Hajambo, baba. Ila anasema hataki mzee."

"Mwambie uzee huu ni wa nje tu. Ndani kumesukwa nondo!"

Na Mama Kibonge, ambaye hakuzoea kucheka mbele za watu, alicheka.

Jioni moja, kengele ikiwa karibu kulia, wingu zito lilitanda. Mama Kibonge alikuwa ameshafunika mashine ya kuchapa. Alikuwa na haraka. Siku ya mapumziko alikuwa ameketi miguuni pa msusi tangu asubuhi hadi jua linazama, na nywele zake zilikuwa zimetoka nzuri kiasi kwamba hata mumewe, mtu asiyeona kitu, aliona. Aliitaka mvua ile imkute nyumbani.

Kach... kach...

"Mkwe, nimesikia toleo jipya la kibaraza limetoka."

"Limetoka, baba. La zamani liko wapi?"

Mzee Waya alijipapasa mifukoni kama mtu anayejua kuwa hamna kitu. "Nimeliacha juu ya jukwaa. Nimeligandamiza kwa jiwe lisipeperuke."

"Bila la zamani..."

"Najua, najua. Basi likunjue tu nilione kwa macho."

"Siruhusiwi, baba."

"Haya, niambie kilichobadilika. Nikawaambie wenzangu. La zamani nitaleta asubuhi."

Mama Kibonge alikuwa anajua kilichobadilika. Alikuwa amewasikia wahandisi wakilijadili mchana kutwa nyuma ya mgongo wake. Kibaraza cha ghorofani, kile ambacho watoto watapangia mistari mbele ya madarasa, kwanza kilichorwa kikiwa na nguzo kwa mbele, na nondo zake nene zikawa chini. Kisha nguzo zikaondolewa. Kibaraza kisicho na nguzo huning'inia, na kinachoning'inia hushikwa na nondo za juu. Ni maneno machache. Angeyasema huku anafunga mkoba.

"Mimi si injinia," alisema.

Mzee Waya alicheka. "Haya bwana. Utaratibu ni utaratibu. Nisubiri basi, napanda mara moja nakuja."

"Njoo kesho, baba."

"Nisubiri, mkwe. Sichelewi."

Hakumsubiri. Kengele ilipolia alifunga dirisha, akajivisha mfuko wa nailoni kichwani, akakimbia. Alifika nyumbani mvua ikianza. Hata tone moja halikumgusa.

Asubuhi alikuta watu wamesimama makundi makundi uwanjani. Mzee Waya alikuwa amepanda jukwaani kwenye ile mvua. Mbao zilikuwa zimelowa. Aliteleza kabla hajafika juu.

Hakuna aliyemlaumu Mama Kibonge. Laiti wangemlaumu! Mkuu wa ofisi alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akasema msiba ni msiba, lakini kazi ni kazi, na kama kila mtu angelishika sharti kama dada huyu, kampuni ingekuwa mbali. Watu wakampigia makofi. Alisimama pale na nywele zake nzuri, macho chini, na kila kofi lilimwingia kama msumari.

Usiku ule alizifumua zote.

"Jamani, mbona unazifumua?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa amemlaza Kibonge mapajani. "Zilikukaa kweli kweli!"

"Zinaniuma, mama."

"Nywele za siku tatu zinauma bado?"

Aliendelea kufumua.

Nakala mpya ya Mzee Waya ilibaki ndani ya kisanduku cha mafundi nondo. Ilikuwa kazi ya Mama Kibonge kuhakikisha inamfikia fundi mpya aliyeshika nafasi. Kila asubuhi alisema leo. Lakini aliponyoosha mkono kuelekea kisanduku kile, alisikia harufu. Zege bichi. Kutu ya chuma kilicholowa. Mkono ukarudi wenyewe. Halafu lile jambo lingine likaanza kumla: akiipeleka sasa, wataulizana kwa nini imekaa muda wote huo, na lile sharti alilopigiwa makofi litamgeukia yeye. Basi akaiacha siku moja. Akaiacha nyingine. Ng'ambo ya barabara fundi mpya alikuwa ameikuta nakala ya zamani chini ya jiwe lake, akaisoma, akaendelea nayo. Kwa nini asiendelee? Haikuwa na muhuri mwekundu. Haikuchanwa kona.

Jioni ya siku waliyomzika, kengele ililia kama kawaida. Mchapaji, kijana mwenye maneno mengi, alishatoka. Mama Kibonge alikuwa anafunga mkoba.

Kach...

Alisimama.

Kach... kach...

Ilitoka nje ya dirisha. Kisha kitu cha chuma kikagonga ubao. Polepole. Kwa adabu, kama mtu anayejua kuwa amechelewa.

"Mkwe..."

Mkoba ulimponyoka.

"Nimelileta."

Ile harufu ikapenya kwenye nyufa za dirisha, ikajaa chumbani. Alijibanza kwenye rafu, kiganja mdomoni. Alikumbuka maneno ya Mama Muhuri. Sauti aliyoitoa hakuijua kuwa yake.

"Tumefunga... njoo kesho."

Kisha nyayo. Zilijikokota, nzito, zikavuta majimaji, zikaishia kwenye kona ya ukuta.

Asubuhi, kwenye ubao wa dirisha ambapo watu huweka viwiko, palikuwa na alama za vidole vinne za zege. Alizisugua kwa brashi, zikatoka. Jioni zilirudi. Na yeye akarudi. Kila jioni baada ya kengele: koleo, ubao, "mkwe, nimelileta". Na kila jioni jibu ni lile lile. Hakuwahi kugombana naye. Hakuwahi kupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtesa. Angemtukana angalau. Angesema: wewe na nywele zako.

"Dada, siku hizi ukitoka hapa unatoka kama mwizi," alimtania Mchapaji. "Au umerogwa?"

"Achana na mimi."

"Nakuuliza kwa wema! Umekonda, nywele umezifuga kama za mchawi mwenyewe. Nenda kaangaliwe."

Alijua hakurogwa. Aliyerogwa ana mtu wa kumlaumu.

Ndipo siku ile Mchapaji, akiwa anakusanya vitu vyake, akasema huku anapiga mluzi, "Wale wa shule wamekimbia kweli. Nondo za kibaraza wameshamaliza. Kesho asubuhi na mapema lori linakuja kumwaga zege."

"Kesho?"

"Kesho. Injinia amesafiri, ameacha neno kwa msimamizi. Mbona umeshtuka? Mwanao si atasoma palepale? Shukuru!"

Akatoka.

Mama Kibonge alikumbuka: mafundi mbao walishachukua toleo jipya, nguzo hawakuziweka; nondo peke yake zilifuata la zamani. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Zitakuwa chini, zikilala kwa raha, na juu hamna kitu. Kibaraza kitapakwa rangi. Kitakauka, kitapendeza, kitasubiri. Kisha siku moja kengele ya shule italia, watoto watatoka mbio na kupanga mistari, na miongoni mwao mmoja mwenye mashavu...

Alikwenda kwenye kisanduku. Safari hii hakuurudisha mkono. Aliishika nakala mpya. Ilikuwa ya baridi, na ukingo wake ulikuwa umelowa, kama kuna mtu aliyekuwa ameishika upande wa pili. Alitaka kuivuta avuke nayo barabara palepale, aseme lolote, liwalo na liwe. Lakini atasema nini? Ataanzia wapi?

Kengele ikalia.

Nje kulikuwa bado na mwanga, ule mwekundu wa mwisho. Aliusikia mji ukirudi nyumbani: honi, mlango wa chuma wa duka ukishushwa, mtu akiita mtu. Kisha vyote vikawa mbali.

Kach... kach...

"Mkwe... nimelileta."

Mama Kibonge alikwenda dirishani. Akashika komeo. Alilivuta.

Akafungua.

Aliiona mikono kwanza. Vidole vya kijivu, vimekakamaa kwa zege lililokaukia kwenye kucha. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mikono ya shati, tiririka, tiririka, yakiangukia ubao. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu siku ile. Kofia ngumu ilikuwa imeshuka mpaka puani. Chini yake palikuwa na kidevu cha Mzee Waya, na kile kidevu hakikupumua.

Vidole vilisukuma karatasi mbele. Nakala ya zamani. Ina alama ya jiwe katikati.

Aliipokea. Mikono yake ilifanya kazi inayoijua. Muhuri kwenye wino. Muhuri kwenye karatasi. IMEFUTWA. Akashika kona, akaichana. Kisha akaweka nakala mpya ubaoni.

Hakuichukua.

"Sioni vizuri, mkwe," ilisema sauti, kwa upole. "Niambie kilichobadilika."

Alifungua mdomo.

"Nguzo... nguzo zimeondolewa, baba. Nondo nene zipande juu."

Koleo likasimama.

"Kumbe ni hayo tu."

"Ndiyo, baba." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Ni hayo tu."

Kofia iliinama kidogo, kama alivyokuwa akiinama akiaga. Vidole vya kijivu vikaikunja karatasi ile mpya vizuri, kona yenye namba ya toleo ikabaki juu. Akageuka. Mama Kibonge alimtazama akienda kandokando ya ukuta, maji yakimfuata, mpaka giza likammeza.

Mzee Waya hakuuliza kama mchumba wake hajambo.

Akashika mlango wa dirisha aufunge.

Mtu akakohoa.

"Ni mimi ninayefuata, dada."

Alikuwa amesimama palepale alipotoka Mzee Waya. Mwembamba, mkavu, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani, kama mtu aliyefukuliwa chini ya plasta. Na nyuma yake palikuwa na mwingine. Na mwingine. Mstari ulifuata ukuta, umenyooka, hauna kelele, mpaka kwenye kona, na kwa jinsi wa mwisho alivyokuwa ameegemea, ilionekana kona haikuwa mwisho wake. Kila mmoja alishika karatasi. Zingine mpya mpya. Zingine zimekuwa rangi ya chai.

Walikuwa wamesubiri. Miaka yote walikuwa wakiambiwa waje kesho, nao wakaja.

Yule mwembamba aliweka karatasi yake ubaoni. Ilipasuka kwenye mikunjo. Mama Kibonge hakutaka kutazama, akatazama. Ngazi ya zege, inayopinda kulia. Dirisha dogo la duara kwenye pindo. Aliijua. Aliipanda kila siku akiwa na mtoto mgongoni. Kibonge alizoea kuchungulia kwenye lile duara na kusema "mwezi". Ilikuwa ngazi ya nyumba yao wenyewe. Na kwenye kona ya chini, wino wake umefifia, palikuwa na alama ya mgawaji wa siku hizo, duara lenye nukta katikati.

Alama ya Mama Muhuri.

"Tumefunga," alinong'ona. Hakuwa na maneno mengine. "Tumefunga... njooni kesho."

Alitegemea watakasirika. Hawakukasirika. Yule mwembamba aliichukua karatasi yake vipande vipande, kwa subira. Na mstari mzima ukajibu, sauti nyingi za chini, kama watu wanaokubaliana jambo:

"Kesho."

Nyumbani aliipanda ngazi ile ameshika ukuta, anakanyaga pembeni pembeni. Kabla hata ya kuvua viatu alimpigia simu Mama Muhuri. Simu iliita sana.

"Umefungua," alisema Mama Muhuri. Hata salamu hakutoa.

"Mama, yule mwenye ngazi..."

Upande wa pili akasikia mtu mzima analia kwa kujizuia, kama anaogopa kuamsha watu.

"Ngazi ni yangu, mwanangu. Wa ngazi ni wangu."

"Alikufaje?"

"Alirudi jengoni kufuata la zamani. Ukuta haukuwa umekauka, ukamwangukia." Akavuta kamasi. "Nilikuwa nawahi harusi. Hata harusi yenyewe ilikuwa ya nani, sikumbuki."

"Kwa hiyo ngazi yetu imejengwa kwa la zamani..."

Simu ilikatika. Alipopiga tena haikuita.

Hakulala. Alikaa kitandani, Kibonge kifuani, akiisikiliza ngazi. Wapangaji walipanda. Wapangaji walishuka. Kila hatua aliipokea moyoni.

Kulipopambazuka alimbeba mwanawe na kumwamsha mama mkwe wake.

"Mama, leo mshinde kwa wifi."

"Kuna nini?"

"Naomba tu, mama. Na tushuke mmoja mmoja. Pita upande wa ukutani."

Mama mkwe alimtazama, akataka kuuliza, akaona uso wake, akachukua kanga yake.

Kwenye jengo la shule lori lilikuwa limeshafika, pipa lake likizunguka. Lakini hakuna aliyekuwa akimwaga. Mafundi walisimama juu ya jukwaa wameduwaa, na msimamizi, mtu wa makelele siku zote, alishika karatasi kwa ncha za vidole kama anashika kitu kilichooza.

"Mama Kibonge! Afadhali umekuja. Nani kaleta hii? Jana tumefunga geti, chini ya jiwe palikuwa na mchoro wetu. Leo tumekuta huu. Umelowa chapa chapa! Na la zamani halionekani."

"La zamani ninalo mimi." Alilitoa kwenye mkoba. Lilikuwa na muhuri. Lilikuwa limechanwa kona.

Fundi nondo mpya alilitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hilo jipya ni la kweli au mchezo wa watu?" aliuliza msimamizi. "Dereva wa lori anapiga kelele hapa. Zege linaganda."

"Ni la kweli." Alishangaa sauti yake ilivyotoka kubwa. Kila mtu uwanjani aliisikia. "Msimwage. Nondo ziko chini, zinatakiwa juu. Nimeligawa mimi mwenyewe, jana jioni. Nilitakiwa kuligawa zamani, sikuligawa."

"Umempa nani? Fundi nondo ni huyu hapa. Hakuja kwenu."

Mama Kibonge alitazama juu, kwenye kibaraza kisicho na nguzo.

"Yule mwingine," alisema.

Hakuna aliyecheka. Msimamizi alimpigia injinia simu, akamsomea namba ya toleo, akasikiliza. Kisha akampungia dereva mkono azime pipa.

Mama Kibonge hakungoja wamuulize zaidi. Maswali yangekuja, na mkuu wa ofisi angekuja, na yale makofi yangerudishwa moja moja. Yaje. Alivuka barabara kwenda ofisini kabla ya mtu yeyote.

Chini ya dirisha, kandokando ya ukuta, mtu aliyewahi kupanga foleni angejua anachokiona. Watu wakichoka kusimama huweka kitu kiwashikie nafasi. Palikuwa na kofia ngumu yenye ufa. Ikafuata kandambili moja. Ikafuata timazi, uzi wake umeviringwa vizuri. Kipande cha tofali. Kiatu. Glavu iliyokakamaa vidole vikiwa wazi. Vilikwenda hivyo mpaka kwenye kona. Alikwenda akachungulia kona, akarudi upesi.

Aliingia ndani. Akawasha mashine ya kuchapa. Akaufungua wino mwekundu, akauweka muhuri pembeni yake. Kisha akavuta komeo, akalifungua dirisha kwa upana wake wote, jua la asubuhi likaingia, na harufu ya plasta ya zamani ikaingia nalo.

Nje hapakuwa na mtu.

"Anayefuata," alisema.